Shajara ya mradi: viza ya kazi ya Uingereza kwa mtafiti wa magonjwa ya korosho, Mtwara 2025

Faili hili ni la mtafiti Mtanzania anayeishi Mtwara, mwenye shahada ya uzamivu ya chuo kikuu cha hapa nchini, aliyepata nafasi ya utafiti ya miaka 3 katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza. Kazi inaanza 1 Oktoba 2025. Tunaliandika kadiri hatua zinavyokamilika ili mwingine wa Naliendele, Nachingwea, Lindi mjini au popote kusini aweze kulifuata. Penye wepesi tumepita haraka. Palipokwama tumeeleza kwa urefu. Ada ni zile za 2025, na kila pauni tumeihesabu kwa shilingi 3,600.

13 Januari 2025: Kuchagua njia

Mtafiti ana njia mbili za kufikiria. Ya kwanza ni viza ya Global Talent, ambayo haimfungi mtu kwa mwajiri mmoja. Ukitaka kupita kwa mlango wa wafadhili waliokwisha kuidhinishwa, fedha za mradi ziwe zimetoka kwa mfadhili aliyemo kwenye orodha yao, zisipungue pauni 30,000, na ziwe za miaka 2 au zaidi. Ya pili ni Skilled Worker, inayosimama juu ya mwajiri mwenye leseni ya kudhamini.

Swali la kwanza kwa chuo lilikuwa moja tu: fedha za nafasi hii zinatoka wapi? Jibu likaja kwamba mfadhili hayumo kwenye orodha. Njia ikabaki Skilled Worker. Uliza swali hili kabla ya kugusa fomu yoyote, maana nyaraka za njia hizi mbili hazifanani.

Mshahara nao una kanuni yake. Kiwango cha jumla wakati huo kilikuwa pauni 38,700 kwa mwaka, lakini nafasi ya utafiti baada ya uzamivu iliruhusiwa kushuka hadi 30,960, mradi pia ifikie asilimia 70 ya kiwango cha kawaida cha kazi husika. Kundi la kazi hii kwenye orodha ya kazi ya Uingereza ni namba 2112, wanasayansi wa biolojia. Tuliomba chuo kiandike namba hiyo kwenye barua ya ajira mapema, kwa sababu kila kinachofuata kinaifuata hiyo namba.

3 Februari: Majina, pasipoti na mwajiri

Hapa ndipo mafaili mengi ya kwetu yanapoanza kupinda. Pasipoti ina majina matatu, cheti cha shahada kina mawili, na cheti cha kuzaliwa kimeandika jina la babu kwa herufi nyingine. Kwenye faili hili tofauti ilikuwa ya mpangilio: cheti cha uzamivu kimeanza na jina la ukoo, pasipoti imelimalizia.

Tofauti ya mpangilio au ya jina lililoachwa inamalizwa kwa kiapo mbele ya wakili, kinachotaja kila namna jina lilivyoandikwa na kwenye hati ipi. Kubadili jina lenyewe ni jambo jingine, linahitaji hati iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kisha tukaweka sharti moja kwa wote wanaoshika faili: kuanzia leo jina ni lile la pasipoti, herufi kwa herufi, kwenye barua ya ajira, ATAS (kibali cha usalama cha watafiti, tutakieleza Machi), hati ya udhamini (inayotolewa na chuo kinachoajiri) na fomu ya viza.

Pasipoti ilikuwa imebakiza muda mfupi, ikabadilishwa kwanza kwa ada ya shilingi 150,000. Namba ya pasipoti inaingia kwenye hati ya udhamini, na ukiibadilisha katikati unawapa watu kazi ya kusahihisha kila mahali.

Kwa mtumishi wa umma kuna faili jingine linalokwenda sambamba: likizo bila malipo au kuazimwa. Barua inapitia kwa mwajiri hadi mamlaka za utumishi, nayo haina uhusiano wowote na Uingereza. Ianze mapema. Angalia pia kama kuna mkataba wa kurudi kazini uliosainiwa wakati wa masomo ya uzamivu, na uulize michango ya PSSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma) itakuwaje wakati mshahara umesimama.

24 Februari: Uthibitisho wa Kiingereza

Kiwango kilichotakiwa wakati huo kilikuwa B1, ngazi ya kati kwenye kipimo cha lugha cha Ulaya. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake husamehewa, hata kama shule ya sekondari na chuo vyote vilifundisha kwa Kiingereza. Kuna kufanya mtihani uliokubaliwa, au kutumia shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza na kuthibitishwa na taasisi ya Ecctis ya Uingereza. Tulichagua shahada, kwa sababu uthibitisho huohuo unatumika pia kwa pointi za viza zinazotokana na uzamivu pale zinapohitajika.

Barua ya kwanza ya chuo kilichotoa shahada ilikataliwa. Ilisema kwamba lugha ya kufundishia chuoni ni Kiingereza. Sentensi ya aina hiyo inaeleza chuo, haimwelezi mhitimu, na uzamivu wa utafiti mtupu hauna vipindi vya darasani. Barua ya pili ikataja jina la mhitimu, namba ya usajili, mwaka wa kuanza na wa kumaliza, kwamba usimamizi ulifanyika kwa Kiingereza, na kwamba tasnifu iliandikwa na kutetewa kwa Kiingereza. Hiyo ikapita. Anayeomba barua kama hii aandike rasimu mwenyewe na kuipeleka kwa msajili. Ukiacha ofisi ichague maneno, utapewa barua ya kawaida inayopewa kila mtu.

26 Machi: ATAS imetumwa

ATAS ni kibali cha usalama wa kitaaluma kinachotolewa na wizara ya mambo ya nje ya Uingereza kwa watafiti wa fani zinazoweza kutumika vibaya, hasa kwenye silaha. Raia wa Marekani, Japani, Umoja wa Ulaya na nchi nyingine chache wamesamehewa. Watanzania hatujasamehewa. Kwa mtu wa namba 2112 anayefanya utafiti wa ngazi ya uzamivu, ombi la viza lisilo na cheti hiki linakataliwa. Hakina ada. Gharama yake ni muda: siku 30 za kazi za kule, zisizohesabu Pasaka wala sikukuu zao za Mei, na katikati ya mwaka foleni inarefuka.

Kwa hiyo hiki ndicho kinachotangulia vyote. Fomu inataka historia yote ya masomo kuanzia shahada ya kwanza, kazi zote, machapisho, wathibitishaji wawili wa kitaaluma, na kutoka chuoni unakokwenda: jina la msimamizi, namba ya fani, na maelezo mafupi ya utafiti. Usiache mwezi mtupu kwenye historia ya kazi. Mtu aliyesubiri ajira nyumbani Masasi kwa miezi minane aandike hivyohivyo: alikuwa Masasi, akitafuta ajira, akisaidia shamba la familia.

14 Mei: ATAS imerudi na maswali

Muda wa kawaida uliisha 12 Mei, na badala ya cheti kikaja kiulizo. Tunalieleza hili kwa kirefu kwa kuwa litamkuta kila mtu wa magonjwa ya mimea.

Utafiti wenyewe unahusu mnyauko wa mikorosho unaosababishwa na kuvu wa jamii ya *Fusarium oxysporum*, ugonjwa unaoua mti mzima na usiotibika kwa kupuliza salfa kama tunavyofanya kwa ubwiriunga. Mkulima wa Tandahimba anayeona tawi moja likikauka na msimu unaofuata mti wote anajua uzito wake. Lakini afisa anayesoma fomu haoni shamba. Anaona kuvu, vinasaba, na neno linalomshtua.

Maelezo ya kwanza, tukiyaweka kwa Kiswahili, yalisema: "Mradi utachunguza vinasaba vinavyokipa kimelea hatari uwezo wa kushambulia, pamoja na sumu zake, ili kuelewa jinsi ukali wake unavyoongezeka." Kisayansi hakuna uongo hapo. Kiusalama sentensi hiyo inasomeka kama mtu anayetaka kuongeza makali ya kimelea na kuzalisha sumu.

Maelezo mapya yaliandikwa na msimamizi wa kule pamoja na mtafiti, na yalijibu mambo manne kwa mpangilio huu. Kimelea ni kipi na kinashambulia nini: mkorosho, si binadamu wala mifugo. Nini kitafanyika: kusoma vinasaba vya sampuli zilizokwisha kukusanywa, kuzilinganisha, na kutengeneza kipimo cha kuutambua ugonjwa mapema kwenye miche ya vitalu. Nini hakitafanyika: hakuna kimelea kitakachobadilishwa vinasaba, hakuna sumu itakayozalishwa au kusafishwa. Matokeo yanakwenda wapi: machapisho ya wazi na aina za mikorosho zinazostahimili mnyauko.

Neno "hatari" likaondoka, maana halikuwa na kazi pale. "Ukali" likabaki mara moja, lenye maelezo. Yote hayakuzidi ukurasa mmoja.

Kiulizo pia kiligusa wathibitishaji. Mmoja alitumia barua pepe ya kawaida badala ya ya taasisi. Alibadilishwa na mwingine mwenye anwani ya kikazi inayoonekana kwenye tovuti ya taasisi yake.

Jambo la pembeni lakini zito: sampuli za kuvu hazisafiri kwenye begi la mtafiti. Zinahitaji cheti cha afya ya mimea cha TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) upande wetu, mkataba wa kuhamisha sampuli kati ya taasisi mbili, na leseni ya kisayansi upande wa Uingereza inayoombwa na chuo kinachopokea. Ni faili lake peke yake, lisichanganywe na la viza.

18 Juni: Cheti cha ATAS

Kimekuja kwa barua pepe. Kinatumika kwa ombi la viza ndani ya miezi 6, yaani hadi katikati ya Desemba. Kinafungwa na mradi na chuo vilivyotajwa. Chuo kikibadili mradi, ATAS inaombwa upya.

Saa sasa ni nyingi na kila moja ina mwendo wake. Hati zinaisha hivi: ATAS miezi 6, cheti cha kifua kikuu miezi 6, hati ya udhamini miezi 3, taarifa ya benki siku 31. Ndiyo maana hatukuruhusu chuo kitoe hati ya udhamini mwezi Machi, ingawa ofisi yao ilikuwa tayari na ilitaka kumaliza kazi yake. Ingetolewa Machi ingekufa Juni, siku chache kabla ya cheti cha ATAS kutoka au baada. Anayechelewa kabisa ndiye atangulie, na mwenye maisha mafupi aje mwisho.

30 Juni: Kipimo cha kifua kikuu

Mtu anayetoka Tanzania kwa zaidi ya miezi 6 lazima apimwe, na kituo kiwe kwenye orodha ya Uingereza. Kwetu ni kliniki ya IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji), Dar es Salaam. Picha ya kifua iliyopigwa hospitali ya Ligula, Mtwara, haipokelewi hata ikiwa safi namna gani, kwa sababu hospitali haimo kwenye orodha hiyo.

Picha isipoeleweka, kliniki inachukua makohozi mara tatu na kuyaotesha, na majibu yanaweza kufika wiki 8. Faili hili halikufika huko. Lakini aliyewahi kuugua kifua kikuu akapona, kovu linaweza kuonekana kwenye picha. Huyo asisubiri Juni, aende mara tu baada ya kutuma ATAS, na abebe kadi yake ya matibabu ya zamani.

Basi kutoka Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na watu wakakwama. Miadi yoyote ya Dar iliyo kati ya Machi na Mei ipewe siku za akiba kabla yake, au tiketi ya ndege.

8 Julai: Hati ya udhamini

Kwa mwombaji aliye nje ya Uingereza, chuo kinaomba kwanza kibali cha hati hiyo kwa mamlaka yao, kikipata ndipo kinaikabidhi kwa jina. Unachopokea ni namba, si karatasi. Omba nakala ya taarifa zilizoingizwa, na zisome zote.

Tulizisoma na kukuta tarehe ya kuzaliwa imegeuzwa siku na mwezi. Hitilafu ndogo kama hiyo haihitaji hati mpya. Chuo kinaongeza maelezo ya mdhamini kwenye mfumo yanayosahihisha, nayo yanasomwa na afisa wa viza. Yaongezwe kabla ya ombi kutumwa.

Mambo mawili ya kuuliza hapa. Je, chuo kimethibitisha matunzo yako (fedha za kujikimu mwanzoni) kwenye hati? Wakiweka alama hiyo, huhitaji kuonyesha pauni 1,270 zilizokaa benki siku 28 mfululizo, na mlolongo mzima wa taarifa za benki unaondoka. Kilikuwa hakijaweka. Tukaomba, kikaweka. Kama chuo chako kitakataa, tumia akaunti ya benki ya kawaida iliyo kwa jina lako. Tusingethubutu kupeleka taarifa ya SACCOS au ya pochi ya simu. Salio likishuka chini ya kiwango hata siku moja kati ya hizo 28, hesabu inaanza upya.

La pili, ada ya hati hii, pauni 525 tangu 9 Aprili 2025, ni ya mwajiri. Kanuni inamkataza kumrudishia mfanyakazi mzigo huo kwa namna yoyote. Ukiona imewekwa kwenye makato ya mshahara, usisaini.

16 Julai: Fomu na malipo

Fomu yenyewe ni ya saa chache kama nyaraka zipo. Malipo ndiyo yaliyosumbua. Ada ya viza hadi miaka 3 ni pauni 769, sawa na shilingi 2,768,400. Tozo ya afya (malipo ya kutumia huduma ya afya ya umma ya kule) ni pauni 1,035 kwa mwaka, yaani 3,105 kwa miaka 3, sawa na shilingi 11,178,000. Jumla karibu shilingi milioni 14, zinazolipwa kwa kadi, mtandaoni, kwa malipo mawili tofauti, tozo ya afya ikitangulia.

Kadi ilikataa. Fedha zilikuwepo. Kadi nyingi za benki zetu zina kikomo cha matumizi ya mtandaoni kwa siku, na kikomo hicho hakifiki milioni 11. Ukijaribu mara kwa mara, benki inaweza kuifunga kadi kwa kushuku wizi. Dawa yake ni barua tawini siku chache kabla: ongezeni kikomo hadi kiasi hiki, kwa malipo ya nje, kwa tarehe hizi. Acha salio la ziada juu ya hesabu, maana kiwango cha kubadilisha fedha cha kadi huwa juu ya kile unachokiona mtandaoni. Fanya malipo siku ya kazi asubuhi, tawi likiwa wazi.

Viza ikikataliwa, tozo ya afya inarudishwa. Ada ya viza hairudi.

Vyuo vingine vinamlipia mtafiti vyote au kumkopesha. Swali hilo liulizwe wakati wa kujadili ajira. Chuo hiki kitarudisha ada ya viza baada ya mshahara wa kwanza, tozo ya afya ni ya mtafiti mwenyewe.

23 Julai: Alama za vidole

Dar es Salaam, kituo cha maombi ya viza. Nyaraka zilipakiwa mtandaoni kabla ya siku hiyo, kila moja kwa jina lake: pasipoti, ATAS, kifua kikuu, Ecctis, kiapo cha majina. Huduma ya haraka ya siku 5 za kazi ni pauni 500 zaidi. Hatukuichukua, kwa kuwa ya kawaida ni wiki 3 na kazi ni Oktoba.

Jana yake, 22 Julai, viwango vya mshahara vilipanda: cha jumla kutoka 38,700 hadi 41,700, na cha nafasi kama hii kutoka 30,960 hadi 33,400. Hati iliyotolewa kabla ya tarehe hiyo inahukumiwa kwa kanuni za zamani, hivyo faili hili halikuguswa.

12 Agosti: Imekubaliwa

Jibu limekuja kwa barua pepe. Kwa waombaji wakuu wa kazi, tangu 15 Julai 2025 hakuna tena stika kwenye pasipoti. Kuna viza ya kielektroniki, na mtafiti anafungua akaunti ya UKVI (idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza) na kuiunganisha na pasipoti. Hakikisha namba ya pasipoti kwenye akaunti ndiyo utakayosafiri nayo, kwa sababu shirika la ndege linaangalia hapo. Chapisha barua ya uamuzi pia. Mhudumu wa uwanjani aliyezoea stika ataitaka karatasi.

15 Septemba: Faili la mwenza na mtoto limefunguliwa

Linakwenda nyuma ya la mtafiti ili fedha zipatikane. Kwa mwenza ni 769 na tozo ya 1,035 kwa mwaka. Kwa mtoto ni 769 na tozo ya 776 kwa mwaka. Kwa miaka 3 wote wawili inafika pauni 6,971, zaidi ya shilingi milioni 25 kabla ya nauli. Kama matunzo yao hayajathibitishwa na chuo, onyesha pauni 285 za mwenza na 315 za mtoto wa kwanza. Hawa, Septemba 2025, walikuwa bado wanapata stika, nayo ilikuwa ya siku 90.

Cheti cha ndoa cha Kiswahili kinahitaji tafsiri ya ukurasa mzima, hata maneno ya kwenye mhuri. Mfasiri aandike tamko kwamba tafsiri ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, sahihi na mawasiliano. Tafsiri ya kwanza haikuwa na tamko, ikarudishwa kwa mfasiri. Mtoto wa chini ya miaka 11 kwa kawaida hapigwi picha ya kifua, ila lazima aonwe na daktari wa kliniki ileile, kwa hiyo naye anasafiri hadi Dar.

12 Januari 2026: Nyongeza kwa anayeanza sasa

Tangu 8 Januari 2026 kiwango cha Kiingereza kwa waombaji wapya kimepanda kutoka B1 hadi B2. Njia ya shahada iliyothibitishwa na Ecctis inaendelea kukubalika, kwa hiyo barua ya chuo ya Februari inabaki kuwa mfano mzuri. Anayepanga kwenda kwa mtihani ajiandikishe kwa B2, na mshahara kwenye barua ya ajira aupime kwa 33,400, si kwa namba za mwanzo wa shajara hii.